Kwa nini timu za besiboli zinawaita kambini mapitcha wazee ambao kila mtu anajua hawatoboi?

Swali limetoka kwa kaka mmoja anayeishi Mesa, Arizona, anafanya vibarua uwanjani kila Februari na Machi timu zikija kujiandaa na msimu. Nimelifupisha: "Mtaalamu, mwaka huu nimemuona pitcha mmoja mzee, kama miaka 37, jezi namba 77, kiwiko kishapasuliwa, msimu uliopita hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Anarusha maili 88 kwa saa wakati watoto wa pembeni yake wanarusha 97. Kila mtu pale anajua huyu hatoboi. Sasa timu inamleta ya nini? Ni huruma, ni kujaza namba, au kuna kitu mi sikioni? Na hawa wazee si wanawabania tu vijana?"

Kaka, huruma iondoe kabisa kwenye hesabu. Hao jamaa wa ofisini wanaopanga vikosi hawana huruma hiyo, wana kompyuta. Kujaza namba upo karibu, ila sio kwa maana uliyoisema wewe, nitafika huko. Jibu lenyewe ni kwamba yule mzee anakuja kwa bei ya kutupa, na timu inajua kabisa kwamba kabla ya Juni mapitcha wake kadhaa watakuwa wameumia, haijui tu ni akina nani. Kwa hiyo haimnunui yeye kama yeye, inanunua haki ya kuwa na mtu karibu siku mambo yakiharibika.

Kwa wale wasiofuatilia sana mchezo huu: pitcha ndo yule anayesimama kwenye kichuguu katikati na kumrushia mpigaji mpira, na mechi nzima inamzunguka yeye. Timu 30 za ligi kuu ya Marekani zinaanza kambi katikati ya Februari, 15 zinakuwa Florida na 15 Arizona, mapitcha na wadakaji ndo wanaripoti kwanza, wengine wanafuata siku chache baadaye, halafu mechi za kirafiki mpaka mwisho wa Machi ligi inaanza. Kambini wanakuwepo watu sitini na kitu, wakati mwingine zaidi. Ligi ikianza wanaobaki ni 26 tu, na kati ya hao 26 mapitcha hawaruhusiwi kuzidi 13.

Sasa hapa kuna listi mbili usizichanganye, maana ukizichanganya huwezi kuelewa chochote kuhusu yule mzee wako. Kuna listi ya 26, hao ndo wanaovaa jezi siku ya mechi. Na kuna listi ya 40, ambayo ndani yake wamo wale 26 pamoja na wengine ambao timu imewashikilia kisheria lakini wanacheza ligi ndogo wakisubiri kuitwa. Huwezi kucheza ligi kuu bila kuwa kwenye listi ya 40. Yule mzee hayumo. Amesaini mkataba wa ligi ndogo ambao ndani yake kuna kipengele kinachosema ataalikwa kwenye kambi ya wakubwa, basi. Ndo maana hata namba ya jezi ni 77, namba za chini zina wenyewe, wageni waalikwa wanapewa zile za juu juu huko.

Na mkataba huo unasemaje kuhusu hela? Kwa kawaida una bei mbili: akiingia ligi kuu analipwa kiasi fulani, akibaki ligi ndogo analipwa kidogo sana ukilinganisha. Mshahara wa ligi kuu unaanza kuhesabiwa siku ligi inapofunguliwa, Machi yote kambini wanapewa posho tu. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2026 ni dola 780,000 kwa msimu, na unalipwa kwa siku ulizokaa juu, ukigawanya inakuja zaidi ya dola 4,000 kwa siku. Kwa timu ambayo mishahara yake inahesabiwa kwa mamilioni mamia, kumlisha mzee mmoja wiki sita na kumpa chumba cha hoteli ni hela ya chai. Akiharibu wanaagana naye asubuhi moja ofisini kwa kocha, hakuna wanachodaiwa zaidi.

Kwa hiyo hasara ipo wapi? Hasara ipo siku wakiamua kumpandisha, na hili ndo watu wengi hawalioni. Nafasi kwenye listi ya 40 ni mali. Kila mwezi wa kumi na mbili kuna zoezi ambalo timu nyingine zinaweza kuwachukua vijana wako waliokaa miaka kadhaa ligi ndogo kama hujawaingiza kwenye hiyo listi, kwa hiyo timu inajaza nafasi zake kwa vijana inaowaogopea kuibiwa. Ukitaka kumuingiza mzee, lazima mtu atoke, na anayetoka anatangazwa kwa timu zote nyingine, anayemtaka anamchukua. Halafu kuna jambo la pili. Kijana mwenye miaka michache anaweza kupandishwa na kushushwa, timu ina misimu mitatu ya kumchezea hivyo, na tangu 2022 ndani ya msimu mmoja haizidi mara tano. Mzee mwenye miaka mitano na zaidi ya huduma ligi kuu humshushi bila ridhaa yake, anasema sitaki na anakuwa huru. Ndo maana wanamuacha nje ya listi kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana: akiwa nje hagharimu kitu, akiingia ndani kutoka kwake ni kwa gharama.

Ukishaelewa hivyo unaona mantiki ya mwaliko. Timu inaweza kualika hata mapitcha wazee watano sita bila kumtoa mtu yeyote. Watano wakishindwa, hakuna aliyekumbuka. Mmoja akitoboa, ni habari ya msimu mzima.

Turudi kwenye wingi wa mikono, maana huku ndo hesabu inapouma. Msimu una mechi 162, kila mechi iningi 9 (iningi ni kipindi ambacho kila timu inapata zamu moja ya kupiga), unapata iningi 1,458 ambazo lazima mtu fulani azirushe, hakuna kususia. Zamani ungekuwa na mapitcha watano wa kuanza mechi na kila mmoja anakula iningi 200, umeshamaliza 1,000, zilizobaki wanagawana wale wa kuingia baadaye. Siku hizi hiyo haipo. Msimu wa 2024 ligi nzima, timu zote 30, waliofikisha iningi 200 walikuwa wanne tu. Vijana wanarusha kwa nguvu zote kuanzia mpira wa kwanza, viwiko na mabega vinalipa. Upasuaji wa kiwiko ule unaoitwa kwa jina la Tommy John, pitcha wa Dodgers aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974 na daktari Frank Jobe, leo ni kitu cha kawaida kambini, na mtu akishafanyiwa anakaa nje mwaka mzima au mwaka na nusu. Kwa hiyo timu inayopanga msimu na mapitcha 13 inajua fika itatumia zaidi ya mara mbili ya hao kabla ya Septemba kuisha.

Na balaa linaweza kutokea popote. Machi 2023, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli, Edwin Díaz wa Mets, pitcha wa kufunga mechi aliyekuwa na mkataba mnono kuliko yeyote wa kazi yake, aliumia goti akiwa anashangilia ushindi na wenzake wa Puerto Rico. Anashangilia! Mechi yenyewe ilikuwa imeshaisha. Msimu wote wa 2023 ukaenda. Unafikiri ofisi ya timu ilikaa kulia? Ilianza kuangalia nani yupo.

Mfano mzuri zaidi wa jinsi mambo haya yanavyokwenda ni Yankees, timu ya New York, mwaka 2011, na nitakaa hapo kidogo maana una kila kitu. Desemba 2010 walikuwa wanamuwinda Cliff Lee, wakijua wana hela kuliko wote, jamaa akawapiga chenga akaenda Philadelphia. Mwanzoni mwa Februari Andy Pettitte akatangaza kustaafu. Hapo kambi inafunguliwa wiki ijayo na timu yenye mishahara ya zaidi ya dola milioni 200 haina mapitcha wa kuanza wa kutosha, na sokoni hakuna kitu cha maana kilichobaki. Bahati yao, siku chache kabla ya hapo walikuwa wameshawaita wazee wawili kwa mikataba ya ligi ndogo: Freddy García na Bartolo Colón.

Colón ndo wa kuzungumzia. Mwaka 2005 alikuwa pitcha bora wa ligi ya American, moja ya nusu mbili za ligi kuu, alipewa tuzo ya Cy Young. Baada ya hapo bega likafa. Mwaka mzima wa 2010 hakurusha hata mpira mmoja ligi kuu. Kwao Jamhuri ya Dominika madaktari walimchukulia seli kutoka mafuta na uboho wake mwenyewe wakazidunga begani na kwenye kiwiko, halafu akaingia ligi ya msimu wa baridi kwao kujipima. Na hapa sikiliza vizuri: kocha wa timu aliyochezea kule, Águilas Cibaeñas, alikuwa Tony Peña, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kocha msaidizi wa Yankees. Yani jicho la Yankees lilikuwa limemuona kwa karibu kabla karatasi haijasainiwa. Anafika kambini Tampa ana miaka 37, mnene kwelikweli, watu wa magazeti wanacheka. García akamshinda kwenye nafasi ya tano ya kuanza. Colón akapewa kazi ya kuingia baadaye, kazi ya watu wasiohitajika sana.

Aprili Phil Hughes, kijana waliyemtegemea, mpira wake ukaisha kasi, bega halieleweki, akawekwa kwenye listi ya majeruhi. Nani anaingia? Yule mnene. Tarehe 30 Mei kule Oakland alirusha mechi nzima, iningi zote 9, wapinzani hawakupata hata pointi, alitumia mipira 103 tu. Msimu ukaisha amekula iningi 164, García naye akashinda mechi 12, na Yankees wakachukua kundi lao. Wazee wawili wa mkataba wa ligi ndogo wamebeba iningi zaidi ya 300 za timu tajiri kuliko zote. Colón mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka uliofuata alifungiwa mechi 50 kwa dawa zilizokatazwa, hilo lisemwe pia, akarudi 2013 akashinda mechi 18 akiwa Oakland, na 2018 akiwa na miaka 44 aliitwa tena kwa mwaliko kama huohuo na Texas, akatoboa tena.

Mwaka huohuo 2011 kule San Francisco kulikuwa na Ryan Vogelsong. Huyu hata jina hakuwa nalo. Rekodi yake ligi kuu ilikuwa ushindi 10, kupoteza 22, alikuwa hajaonekana huko tangu 2006, alishakwenda Japani miaka mitatu akarudi, 2010 timu mbili zilishamtema akiwa ligi ndogo. Giants, timu ya huko, walimpa mkataba wa ligi ndogo na mwaliko akiwa na miaka 33. Kambi ikaisha akapelekwa ligi ndogo kama kawaida. Katikati ya Aprili Barry Zito, mwenye mkataba wa dola milioni 126, akaumia mguu, mara ya kwanza maishani anaingia kwenye listi ya majeruhi. Vogelsong akaitwa. Alimaliza msimu na ushindi 13, kupoteza 7, wastani wa kufungwa pointi 2.71 kwa kila iningi 9, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota. Mwaka uliofuata aliwasaidia kuchukua ubingwa, kwenye mechi za mtoano za 2012 alishinda tatu bila kupoteza.

Umeona kitu kinachofanana? Colón na Vogelsong, hakuna hata mmoja wao aliyepata nafasi ya kuanza mechi kwa kuwa bora kambini. Wote wawili kambi iliisha wakiwa wamekosa walichokitafuta. Nafasi ilikuja Aprili mtu alipoumia. Kwa hiyo ukikaa pale Mesa unauliza "huyu atamng'oa nani?", unauliza swali la Machi, wakati ofisini wao wana swali la Mei. R.A. Dickey, yule wa mpira unaoyumba bila kuzunguka, Mets walimuondoa kambini mapema kabisa 2010, Mei wakamuita, na 2012 akashinda mechi 20 na tuzo ya Cy Young. Karibu zaidi na leo, Albert Suárez wa Baltimore: mara ya mwisho ligi kuu 2017, akaenda Japani, akaenda Korea, 2024 anarudi na mkataba wa ligi ndogo ana miaka 34, Aprili anaitwa, msimu unaisha ameshinda mechi 9.

Sasa nisikudanganye. Hao ni wachache tunaowakumbuka kwa sababu walitoboa. Wengi wanaishia kama ulivyosema. Mark Mulder, alishawahi kuwa pitcha wa kuogopwa Oakland, alikuwa hajarusha ligi kuu tangu 2008, akajifua akaona mkono umerudi, Angels wakamuita kwenye kambi ya 2014. Siku za mwanzo kabisa za kambi, kwenye mazoezi ya kukimbia kimbia tu ya kupasha mwili, kano ya kisigino ikakatika. Hakurusha tena. Mwaka huohuo Johan Santana, mwenye tuzo mbili za Cy Young, alikuwa na Baltimore kwa mkataba wa aina hiyo, Juni karibu apandishwe naye kisigino kikakatika vilevile. Kwenye mpira wa miguu tungesema walikuja kufanya majaribio wakaumia uwanjani. Timu zote mbili hazikupoteza chochote cha kuziumiza, ndo uzuri wa mikataba hii kwa upande wao, na ndo ukatili wake pia.

Kwenye kujaza namba, sasa. Hata yule ambaye hatakaa aitwe ana kazi kambini, na kazi hiyo ni ya kweli. Wiki za mwanzo hakuna pitcha anayeruhusiwa kurusha zaidi ya iningi moja au mbili kwenye mechi, wanapanda taratibu. Mechi ina iningi 9. Kwa hiyo mechi moja ya mwanzo wa Machi inaweza kula mapitcha saba nane, na kuna siku timu inajigawa nusu mbili inacheza mechi mbili kwenye miji miwili tofauti kwa wakati mmoja. Nani anarusha zile iningi? Hutaki kuwatumia vijana wako wa thamani, viwiko vyao unavihesabia kila mpira. Unampa namba 77. Anakula iningi ya saba, ya nane, basi la saa moja na nusu kwenda na kurudi halimsumbui, na hakuna atakayepiga kelele mkono wake ukichoka. Miaka ambayo mashindano ya dunia yanaangukia Machi, kama 2023 na 2026, hali ni mbaya zaidi maana mapitcha wazuri wanaondoka kwenda kuchezea nchi zao, kambi inabaki na pengo.

Halafu kuna elimu. Mi hili silipi uzito mkubwa kama watangazaji wanavyolipa, kila mzee akialikwa utasikia "atawafundisha vijana". Timu zina makocha na kamera za kupima kila mzunguko wa mpira, hazimlipi mtu kwa hadithi. Ila nimekaa nyuma ya nyavu asubuhi za mazoezi vya kutosha kujua kwamba kuna vitu kijana hatavisikia kwa kocha. Angalia siku wanapofanya lile zoezi la pitcha kukimbia kwenda kushika besi ya kwanza, kile kituo anachokimbilia mpigaji, mpira ukipigwa upande wa kulia. Vijana wanakimbia moja kwa moja kama wanakimbilia basi, wanafika mguu uko katikati ya besi, hapo ndo mtu anakanyagwa kifundo. Mzee anakimbia kwa kupinda, anaufuata mstari, anaigusa besi kwa ncha ya ndani na kutoka. Kijana anaona. Hajafundishwa na mtu, ameona tu, kesho anapinda.

Kuhusu zile maili 88. Usizidharau bila kuuliza maswali zaidi. Jamie Moyer aliingia kambi ya Colorado 2012 ana miaka 49, ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko uliomkosesha 2011 nzima, mkataba wa ligi ndogo na mwaliko. Mpira wake wa kasi haukufika maili 80. Tarehe 17 Aprili akawafunga San Diego, iningi saba, akawa pitcha mzee kuliko wote kushinda mechi ligi kuu, miaka 49 na siku kama 150, akiivunja rekodi ya Jack Quinn ya mwaka 1932. Mwisho wa Mei wakaachana naye, sawa, lakini Aprili timu ilikuwa na mtu wa kuanza mechi. Siku hizi kinachoangaliwa kambini sio matokeo ya mechi. Kufungwa pointi tano Arizona na hewa ile kavu na upepo ule haimwambii mtu chochote, na wapinzani wenyewe nusu yao ni watoto wanaorudishwa ligi ndogo wiki ijayo. Wanaangalia mpira wenyewe: kasi imepanda maili mbili tangu msimu uliopita? Ameongeza mrusho mpya? Mpira unapinda zaidi ya ulivyokuwa unapinda kabla ya upasuaji? Wapo wazee wanaokaa majira ya baridi kwenye maabara binafsi za kurusha, wanarudi na mpira ambao hawakuwa nao wakiwa na miaka 28. Kama 77 wako ana mrusho mmoja mpya unaofanya kazi, kwa watu wa ofisini yeye na yule wa msimu uliopita ni watu wawili tofauti.

Umeuliza pia kwa nini mzee mwenyewe anakubali, ulikuwa umeificha mwishoni mwa meseji yako lakini nimeiona. Nimekwambia dola 4,000 na zaidi kwa siku. Akiitwa wiki tatu tu katikati ya msimu, anachukua hela ambayo ligi ndogo hapati kwa mwaka. Na kuna pensheni, siku 43 za huduma ligi kuu zinatosha kuanza kuihesabu na inakua mpaka mtu atimize miaka 10, kwa hiyo mtu mwenye miaka 7 kila mwezi anaoongeza una maana kwa mke na watoto. Mbali na hela, wengi wao wanachokitafuta kambini ni dirisha. Pale nyuma ya nyavu umeona watu na bunduki zao za kupimia kasi? Sio wa timu yako tu. Skauti wa timu nyingine wapo, wa Japani na Korea wapo. Mzee anayekosa Mesa anaweza kuwa amejiuza Osaka.

Na mawakala wanajua kucheza. Wazee wenye zaidi ya miaka sita ya huduma waliomaliza msimu uliopita wakiwa ligi kuu wanapewa haki ya kudai kuachiwa siku tano kabla ya ufunguzi, tena Mei mosi, tena Juni mosi. Huyu wako kwa ulivyonieleza hakumaliza ligi kuu, kwa hiyo hiyo haimhusu moja kwa moja, lakini wakala mzuri anaiandika kwenye mkataba hata hivyo, na tarehe yake mwenyewe.

Kuhusu kuwabania vijana, hapa sikubaliani na wewe. Kijana anayebaniwa na mzee wa maili 88 hakuwa tayari. Wale wa 97 uliowaona wamo kwenye listi ya 40 au wanaelekea huko, nafasi zao zinalindwa kuliko za mtu yeyote kambini. Na wale wadogo zaidi wapo viwanja vya nyuma huko wala hawakutani naye. Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda mwaka 2022, ukipata siku nenda Glendale kwenye kambi yao ya Camelback Ranch, asubuhi na mapema kabla mechi kubwa haijaanza, viwanja vya nyuma, ndo utaona ngazi ilivyo ndefu. Kati ya kijana wa namna hiyo na ligi kuu kuna ngazi nne tano, na mzee wa namba 77 anaweza kuwa kwenye ile ya juu kabisa tu. Anayeweza kuumia kweli ni mwingine: pitcha wa miaka 27 au 28, yupo ligi ndogo ya juu kabisa, hana jina, timu haimuogopei kuibiwa. Huyo na mzee wanagombea simu ileile ya Mei, na mara nyingi mzee ndo anapigiwa kwa sababu meneja anaamini hatatetemeka. Huyo ndo wa kumuonea huruma.

Ukitaka kujua kama mzee wako ana maisha, usiangalie alifungwa ngapi. Angalia anaingia iningi ya ngapi. Akiwa wiki ya tatu ya Machi bado anaingia ya nane dhidi ya watoto, wanamtumia tu kumalizia mechi. Wakianza kumleta ya tatu au ya nne, wapigaji wakubwa wa wapinzani bado hawajatoka, na hasa wakimuachia iningi mbili tatu mfululizo, wanampima. Halafu fuatilia listi ya majeruhi ya timu, kuna ile ya siku 60 ambayo mtu akiwekwa nafasi yake kwenye listi ya 40 inafunguka, na wanaruhusiwa kuitumia tangu kambi inapoanza. Siku ukisikia pitcha amehamishiwa kwenye hiyo, nenda kaangalie kama kabati la namba 77 bado lina vitu vyake.

Na akipelekwa ligi ndogo usimuage. Subiri Mei.